Mnaosema dokta wa miwani asiguse sindano, njooni niwape ya bibi yangu na mbwa

Hapana mkuu, hapo umechemka.

Wewe uliyeandika kwenye uzi wa jana kwamba "leo mtu wa miwani anachoma chanjo, kesho fundi viatu atazalisha", nimekusoma mara mbili nisije nikakuonea. Bado umechemka.

Nilitaka nikujibu palepale ila kwa hasira niliyokuwa nayo modi wangenifungia. Nimekunywa chai kwanza. Sasa nakujibu kwa uzi mzima.

Wakuu wengine, habari zenu. Haya ninayosimulia nilikuwepo, na aliyechomwa ni damu yangu. Anayebisha abishe na mimi, bibi amwache.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi miwani hapa Sekei. Nakata lenzi, naziweka kwenye fremu, nanyoosha miwani ambazo wenyewe wamezikalia halafu wanasema "sijui imekuwaje". Shule ya hii kazi sijapita. Nimejifunza kwa kuharibu na kutukanwa.

Chumba chetu kiko ndani ya zahanati moja ndogo. Upande huu macho, upande ule homa na matumbo. Bosi wangu ndiye anayepima macho, nitamwita Dokta Aikande. Yule dada, mtu akimsema vibaya mbele yangu, tunagombana. Kanipokea sijui hata kushika bisibisi.

Sasa zahanati ina muuguzi mmoja wa chanjo, tunamwita sista. Sista akienda kuchanja watoto Moshono, ukija siku hiyo unaambiwa rudi kesho. Na kesho watu hawarudi, mnajijua.

Ilipokuja nafasi ya majaribio, wapima macho wafundishwe kuchoma chanjo, Dokta akaenda. Kasoma, kachoma huku anasimamiwa mpaka wakaridhika, kapewa ruhusa. Chanjo tu, siyo kila sindano.

Mtaani ikatafsiriwa kivyake.

Mbongo akisikia "dokta wa macho" na "sindano" kwenye sentensi moja, hahitaji kuuliza inachomwa wapi. Wateja wakaanza kuja wamejiziba uso. Kuna mzee kutoka Sokon One alinipa miwani yake kupitia dirisha. "Rekebisha hapohapo," akasema, "nakuona."

Haya, twende kwa bibi.

Bibi anaishi kule juu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Asubuhi moja yuko anakata majani ya ng'ombe, mbwa asiyemjua katokea kwenye kahawa, kamng'ata shavu la mguu, kaondoka zake mate yanachuruzika.

Majirani walifanya vizuri. Walimwosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba, siyo kuloweka tu, waliosha kwelikweli. Wakamkimbiza hospitali, akachomwa dozi ya kwanza. Akaambiwa arudi kwa zinazofuata.

Akagoma.

Hoja yake naiweka kama alivyoitoa, wanasheria wa jukwaa mtaipenda: "Mbwa mwenyewe kaniuma mara moja. Hospitali wanataka kunichoma mara nne. Sasa adui yangu ni nani?"

Nyuma ya huo mgomo kulikuwa na shangazi yangu, Mama Upendo. Kamwambia bibi kwamba ile ya mkononi ni ya kumzoesha tu, zinazofuata zinachomwa kuzunguka kitovu, na sindano yenyewe ni ndefu kama ya kufumia sweta. Shangazi hajawahi kuumwa hata na siafu, lakini anajua.

Nikampigia bibi nikafoka. Akakata simu. Nikapiga tena nikafoka kwa upole. Akakata tena.

Wakuu, kichaa cha mbwa siyo cha kuchekea. Kikishaanza kujionyesha mwilini, umechelewa, hakuna dawa ya kukurudisha. Mimi najua hilo, bibi yuko mlimani anapika makande, na siku ya dozi inakuja. Niliharibu lenzi za watu wiki hiyo.

Kilichomleta mjini siyo mimi. Ni miwani yake. Alikuwa ameshapimwa na Dokta kabla ya habari ya mbwa, na miwani ikawa tayari. Kanisani wamempangia asome neno Jumapili, na herufi za Biblia zilikuwa zimeshamkimbia siku nyingi. Siku ya kuifuata ikaangukia siku ileile ya dozi. Wakashuka na gari la maziwa, yeye na shangazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimefuata miwani. Usianze."

Sikuanza. Nilienda kwa Dokta nikamwaga yote.

Sista yuko Moshono. Dokta akapiga simu kule hospitali bibi alikoanzia, wakathibitisha, ndiyo, dozi ni leo. Akaenda kwa tabibu wa zahanati, wakakubaliana. Chanjo iko kwenye friji. Kila kitu tayari isipokuwa mwenye mkono.

Shangazi kusikia neno chanjo, kasimama na pochi yake. "Mama, twende. Hawa ndio wale wanaochoma jicho."

Hapo nikawaka. Nilimwambia shangazi maneno ambayo mtu hamwambii dada wa baba yake, siafu nao wakatajwa.

Dokta hakupandisha hata sauti. "Wewe, toka. Kakate lenzi."

"Dokta, huyu anataka kumuua bibi yangu."

"Toka."

Nikatoka. Yaani nilienda nyuma ya pazia la mlangoni, mahali ambapo unasikia yote na kuona nusu.

Dokta akamvalisha bibi miwani kwanza. Akamsomesha kibao cha herufi. Bibi akashuka nazo mstari kwa mstari, akafika chini, akaendelea, akasoma mpaka yale maandishi ya kiwanda kilichochapa kibao. Mimi miaka yote hiyo sikujua kama kuna maandishi pale.

Kisha Dokta akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Bibi, ile moja uliyochomwa haitoshi. Huu ugonjwa ukianza kukushika, mimi sina dawa, hospitali hawana, nchi nzima haina. Hizi zilizobaki ndizo zinakukinga. Ukikataa sikushiki kwa nguvu, mwili ni wako. Lakini leo ndiyo siku yake."

Bibi akaisogeza miwani juu puani.

"Unachoma wapi?"

"Hapa juu ya mkono, begani."

"Siyo tumboni?"

"Siyo tumboni."

"Na jicho?"

"Bibi, jicho nimetoka kulitengenezea miwani. Nilitoboe ili iweje?"

Bibi akafikiria. "Hiyo sindano nionyeshe."

Na Dokta akamwonyesha. Akaishika palepale mbele ya miwani mpya.

Nikasema basi, tumekwisha. Mtu anaogopa sindano, wewe unamrudishia macho halafu ndiyo unamletea sindano usoni? Sindano zote nilizochomwa mimi niliambiwa "angalia kule". Lakini huyu kazi yake ni watu waone. Kuficha kitu hajafundishwa.

Bibi akaiangalia. Akarudisha kichwa nyuma, akakisogeza mbele, kama anachagua dagaa sokoni. Akamgeukia shangazi.

"Mama Upendo. Hii ndiyo ya kufumia sweta?"

"Labda wamebadilisha."

"Hii inafuma sweta la nani, la panya?"

Nyuma ya pazia niling'ata mkono nisicheke.

Bibi akaanza kufungua kitenge mwenyewe. Dokta akamgusa mkono wa kushoto, akagusa wa kulia, na mdomo ukamponyoka kwa mazoea: "Bora huu... au huu?"

Ndivyo anavyowauliza watu kutwa nzima akibadilisha lenzi. Bibi alishapimwa, mchezo anaujua.

"Rudia wa kwanza."

Dokta akagusa tena wa kushoto.

"Huo uko safi zaidi."

Ikaingia. Akakalishwa kwenye benchi muda kidogo waone kama mwili umepokea vizuri. Akautumia kusoma kwa sauti kila tangazo la ukutani, mpaka lile la uzazi wa mpango, na kutuuliza maana.

Dozi zilizobaki alizifuata mwenyewe. Moja kachomwa na sista, nyingine na Dokta. Jumapili alisoma neno, wanasema alisoma na mistari ya watu wengine.

Sasa nikwambie, mkuu wa jana, kwa nini nilitaka kukutukana.

Yule mbwa, kabla hajapotea, alimng'ata na ndama wa jirani, mashamba mawili chini ya bibi. Ndama hakuchanjwa. Baada ya muda akaanza kutoa mate, akashindwa kumeza maji, akawa analia sauti ambayo siyo ya ng'ombe. Akafa. Bibi alienda akamwona kwa mbali, akarudi nyumbani hakuongea siku nzima. Bibi yangu akinyamaza siku nzima, majirani huwa wanapiga simu kuuliza.

Nilichojifunza mimi fundi wa miwani. Sijasema kila mwenye koti jeupe apewe sindano. Dokta Aikande amefundishwa, anajua mpaka wake uko wapi, na mtu akianguka tabibu yuko chumba cha pili. Hayo yakikosekana hata mimi sitaki, nitaandika uzi wa kupinga na mtanisaidia.

Lakini kuna watu hospitali hawaendi kwa hiari. Kwetu wanakuja wenyewe, wanataka kusoma Biblia, wanataka kuona ujumbe kwenye simu. Wakishakaa kwenye kile kiti umeshawapata. Kesho huwapati.

Wauguzi mliomo humu njooni mseme kama nimekosea, nitawasikiliza, sista mwenyewe ananifokea kila wiki na bado nipo hai. Wengine leteni povu.

Na wewe mkuu wa jana, nataka jibu moja, bila kuzunguka. Sista yuko Moshono. Dozi ni leo. Bibi amekaa, bega liko wazi.

Ungemrudisha mlimani?