Mapanki Yenye Nyama

Wateja wangu wana furaha siku hizi. Wanakuja kwenye kibanda changu hapa Ilemela, wanakaa kwenye benchi na kusema mapanki yamenona. Mapanki ni mabaki ya sangara, kichwa na mgongo hadi mkiani, baada ya kiwanda kutoa minofu ya kupeleka Ulaya. Sisi tunayanunua kwa gunia pale getini, tunayakaanga, watu wanayala kwa ugali. Zamani ulikuwa unanyonya mfupa tu. Sasa kuna nyama ya kutafuna kabisa, na wateja wananisifia eti najua kuchagua. Mimi sijachagua kitu. Naijua ile nyama imetoka wapi, na kila nikiiona inaniuma.

Nilisimama kwenye meza za kiwanda hicho tangu nikiwa msichana hadi binti yangu alipoolewa. Viatu vya mpira, aproni nyeupe, baridi ya barafu inayopanda kutoka vidoleni hadi mabegani. Mwanzoni kisu kilinikata mimi kuliko kilivyokata samaki. Baadaye mkono ukajua wenyewe. Unaingiza ncha nyuma ya kichwa, unakilaza kisu, unasikiliza. Ndiyo, unasikiliza: kikipita juu ya mfupa kinakwaruza taratibu, kikinyamaza ujue umeingia kwenye nyama na unaiacha nyuma. Ng'ambo ya meza alisimama mwenzangu, mama wa Ukerewe mwenye kicheko kikubwa, akikata huku anaimba nyimbo za kwaya yao. Mfupa ulitoka mikononi mwake mweupe, kama umeoshwa.

Kisha samaki wakaadimika ziwani, kiwanda kikafungwa, tukaambiwa tutaitwa. Nikajenga kibanda. Kiwanda kilipofunguliwa tena tuliitwa kweli, na msimamizi mgeni akatueleza kwa adabu zote kwamba mikataba inaanza upya, kila mtu kwa mshahara wa anayeanza kazi. Nikamfuata nikamwambia mimi ni fundi wa siku nyingi.

"Shikamoo mama. Naelewa, lakini kwenye utaratibu wetu wote ni wapya."

"Marahaba. Mimi mpya kwa lipi, mwanangu? Hata magoti yangu hayana habari hiyo."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia siku atakayonilipa kama fundi, njia ya kwangu anaijua, nikatoka. Mwenzangu alibaki, maana ana wajukuu wanasoma na kibanda hana. Tuliagana pale getini kama watu watakaoonana kesho.

Jamani, naitamani ile meza. Asubuhi watu wa zamu wakipita na viatu vyao vya mpira kwenye mifuko, naacha kukaanga nawatazama hadi wakate kona. Hata kelele za mashine ya barafu, ambazo nilikuwa nazilaani, nazitamani. Siku za mwanzo hapa kibandani, mtu akiniletea sangara mzima nimkatie vipande, mkono ulikuwa unatoa minofu mitupu kabla sijafikiri. Mmoja aliniuliza, "Mama, mifupa yangu umempa nani?" Kisu changu bado nakinoa kila Jumamosi. Kinakata vitunguu.

Nimeshawaza mara nyingi kurudi. Akilini navaa kabisa, aproni na kila kitu, halafu nafika kwenye ule mshahara na miguu inagoma. Mkono huu waliutumia miaka yote ile, leo wanataka nikubali kwamba haujui kitu.

Wiki iliyopita nilifungua gunia. Mapanki yalikuwa manene, nyama imeachwa ovyo kila upande, kazi ya watu ambao hakuna aliyewafundisha kusikiliza. Katikati yake nikakuta moja jeupe. Nikapitisha kidole kutoka kichwani hadi mkiani, sikugusa nyama. Ni yeye. Wanamlipa kama aliyeanza jana, naye anakata vilevile, kana kwamba bado nimesimama ng'ambo ya meza namtazama. Niliketi juu ya ndoo nikalia, mafuta yakaungua.

Mteja aliyekuwa akisubiri aliliona mkononi mwangu.

"Mama, hilo usinipe. Halina hata nyama."

"Sikupi," nikamwambia. "Hili la kwangu."