Picha za Hamisi kwenye Televisheni ya Ofisi

Walisema mtoto wa mchoma mkaa wa Misugusugu hataweza kusoma. Nikaenda Afrika Kusini, nikafagia maduka ya watu, nikarudi na stashahada ya mitandao. Leo nina ofisi Kwa Mathias, jina langu liko juu ya mlango. Nasema haya ujue kwamba mimi si mtu wa kuota mchana. Niliyoyaona Kisarawe niliyaona saa nne asubuhi, mbele ya wajumbe kumi na mmoja.

Chama kimoja cha wakulima wa korosho cha huko Kisarawe kiliniita niwawekee televisheni ya mikutano. Mtandao wa ofisi walikuwa nao tayari; nikaiunganisha humo, na kila simu ya ofisi ikaweza kurusha picha bila waya. Zamani walitumia projekta yenye waya uliolegea, na karani wao mzee, Mama Hamisi, alikaa pembeni akiushikilia waya huo mkutano mzima.

"Sasa mama atashika nini?" katibu akaniuliza.

"Atashika tama," nikamjibu.

Walicheka sana. Wiki hiyo hiyo wakamwachisha kazi.

Simu yake ilikuwa mali ya ofisi, nami nikapewa niifute. Akanifuata mlangoni. Hata shikamoo sikumpa.

"Mwanangu, nihamishie kwanza picha za Hamisi. Nimemzika, na sina nyingine."

Ilikuwa kazi ya dakika tano. Unajua nilimjibu nini? Kwamba mimi si fundi simu wa stendi. Nikazifuta mbele ya macho yake. Mwezi haukuisha, naye akazikwa.

Siku ya kukabidhi kazi, simu ile ilikuwa begini mwangu, imezimwa. Sikuweka namba ya siri ya kumruhusu mtu kurusha picha. Nilitaka wajumbe waone wepesi wa kazi yangu. Televisheni ikaandika: Simu ya Mama Hamisi. Akatokea kijana aliyevaa joho la mahafali. Kisha huyo huyo juu ya baiskeli. Kisha akiwa mchanga, amebebwa mgongoni. Niamini, nilizifuta kwa mkono wangu. Nikaitoa simu: kioo cheusi, baridi. Nikazima mtandao wote wa ofisi. Picha zikaendelea.

Ya mwisho ilikuwa kisogo changu na shati la asubuhi ile, imepigwa kutoka pale alipokuwa akikaa Mama Hamisi na waya wake. Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Nilipoirudia televisheni, palikuwa na picha mpya: uso wangu.

Tangu hapo, kila televisheni ninayoiunganisha huanza na uso huo, kila mara kwa karibu zaidi. Wateja wangapi wamebaki? Usiniulize.

Binti wa Mama Hamisi alisikia, akaja Kwa Mathias kunisihi niwashe televisheni amwone kaka yake. Nikawasha. Aliuona uso wangu tu. Akakaa mpaka jioni.

Ukipewa simu ya mtu uifute, uliza kwanza humo kuna nani. Mimi sikuuliza, na binti yule anakuja kila Jumamosi, ananisalimia kwa adabu, anavuta kiti, anangoja.