Kwaito Iliyonipeleka Kibondo

Sikuondoka Kasulu kwa kupenda. Kwenye sendofu ya binti yangu Levina, watu wa upande wa bwana harusi walisimama wote kucheza kwaito, ile ya kujipanga mistari na kugeuka pamoja. Mimi nikabaki kitini. Sijui kucheza, basi! Baada ya siku chache Levina akanipigia simu kutoka Kibondo, analia.

"Mama, wakwe wanasema ulikaa kwa sababu huwataki. Ukikaa tena harusini, mimi naanza ndoa na kinyongo cha watu."

Wakwe wenyewe ni wa Murungu, hukohuko Kibondo, wazee wao walitoka Burundi, na wameshaitwa wageni mara nyingi mno. Nikamwambia nakuja mapema nijifunze. Nikakata simu, nikasonya.

Njiani, ndani ya basi la Kibondo, kondakta alifungulia muziki tangu Kasulu. Nikajaribu kuufuata kwa vidole vya mguu. Jirani yangu akaniuliza kama naumwa.

Kibondo tulifika mchana. Levina akanipeleka moja kwa moja kwa Gaspari, mwalimu wa kwaya, hata chai sijanywa. Muziki hakuwasha.

"Mama, kwanza piga makofi."

"Nimetoka Kasulu kuja kupiga makofi?"

"Ego," akanijibu, yaani ndiyo, bila hata kucheka. "Halafu usimfuate mwimbaji. Sikiliza besi, lile dundo la chini. Mwimbaji anaweza kuchelewa akitaka, besi haichelewi. Hesabu mpaka nane, anza upya."

Nikahesabu. Kulia, gonga. Kushoto, gonga. Rudi nyuma, geuka. Hapo kwenye kugeuka ndipo nilipokwama kila siku: mwalimu anatazama ukuta, mimi namtazama yeye.

"Kushoto, mama!"

"Kushoto kwa nani?"

Wiki nzima ikaisha hivyo. Maharage yangu yamelala Kasulu hayajapukuchuliwa, mimi natokwa jasho nyuma ya kanisa kama mtoto aliyeadhibiwa.

Siku ya harusi, jioni, nikajificha mstari wa mwisho. Hakuna aliyeniambia kwamba mistari ikigeuka, wa nyuma anakuwa wa mbele! Ghafla ukumbi mzima uko mgongoni kwangu. Nikaenda kulia, wao wakaenda kushoto. Nikagongana na Mama Fidelisi, mama wa bwana harusi, kilemba chake kikaanguka. Nilitamani ardhi inimeze.

Akaitazama miguu yangu.

"Yewe mkwe! Kumbe hujui kweli?"

"Sijui! Nimefundishwa wiki nzima na bado sijui!"

Akashika kiuno, akacheka mpaka machozi. "Siku ile tulisema unatudharau. Na leo ungecheza vizuri, mkwe wangu, ningekuwa na hakika kwamba siku ile ulikaa kwa dharau."

Akanishika mkono, tukacheza ovyo ovyo hadi wimbo ukaisha. Levina alikuwa amesimama kwenye meza ya maharusi, analia na kucheka. Moyo wangu ukatulia.

Kesho yake nikarudi Kasulu, goti limevimba. Nimejifunza kuhesabu nane na kuisikia besi, sikatai. Lakini jamani, wiki nzima nilihangaika kuondoa kitu kilekile ambacho mkwe wangu alihitaji kukiona!