Kumdai Malaria Mtu wa Maabara

Mtu wa maabara wa zahanati yetu hapa Kipawa haachi kupuliza glavu kabla ya kuivaa, hata foleni ifike mlangoni. Mikono yake ni mikubwa, lakini sindano yake huisikii. Tangu mume wangu ahame nyumbani, homa na vidonda vya mdomo haviniachi, nami nimekwenda mara nne kumdai malaria yangu. Mara tatu za kwanza alinipima, hakuiona. Mie, msomi mzima, nikailaumu darubini yake. Mara ya nne hakunichoma. Aliuliza, “Mwalimu, unalala kweli?” Nikamjibu kwa ukali kwamba nimekuja kupimwa damu, kisha nikaanza kulia. Akanipa pamba nijifute, akasubiri. “Mawazo nayo yanashusha kinga, mwalimu. Nenda kapumzike. Malaria yako ikifika, nitakupigia.”