Perege Kumi na Nusu Gunia la Maranda

Jumamosi, tarehe 15 Julai 2023, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Nashilu Simel aliwalaza perege kumi katika ndoo ya maji ya chumvi. Aliwaopoa saa mbili kamili. Kuanzia hapo hadi saa nne na nusu aliwatundika upenuni mwa jiko la mama yake, kijijini Olmotonyi, akisubiri ngozi zao zishike, yaani ziache kutiririka na zianze kunata kidogo kwenye kidole. Jua halikushiriki. Mwezi wa Julai mlima Meru hujifunika ukungu kama mgonjwa na blanketi lake, na anayeanika kitu huanika kwa imani tu.

Saa zote hizo aliziandika katika daftari. Cheti chake cha chuo cha ufundi, fani ya utayarishaji wa vyakula, kilisema kwamba amefaulu. Daftari lilieleza kwa nini. Kila neno lilipigiwa mstari kwa rula. Kuanika: kukausha kwa jua au upepo. Ng'onda: samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa. Kufukiza: kukitia kitu moshi ili kinukie. Kubanika: kukausha samaki au nyama kwa moto wa taratibu na moshi. Zilikuwa maana nzuri, na kasoro yake ilikuwa moja tu: aliyeziandika hakuwa amewahi kubanika samaki kwa mkono wake. Chuoni walikuwa wanafunzi thelathini na wawili kwa tanuri moja, na yeye, kwa kuwa alikuwa makini, alipewa kazi ya kushika saa.

Sasa saa ilikuwa imemgeukia. Mama Hedwiga, Mchaga wa Rombo mwenye mgahawa pale Kijenge, alikuwa amejenga tanuri la kubanikia samaki uani kwake, naye alihitaji mtu mmoja wa kulisimamia. Walioitaka kazi hiyo walikuwa wawili. Ijumaa aliwapa kila mmoja perege kumi, akasema atawaonja Jumapili baada ya misa. Nashilu akishindwa, angerudia kazi ambayo kaka yake Koikai alikuwa amemtunzia kwa upendo mkubwa: kuwakatia ng'ombe wake majani, bila mshahara na bila likizo.

Mshindani wake alikuwa Reginald, mtoto wa kaka yake Mama Hedwiga. Reginald alikuwa amehudhuria semina ya ufugaji na usindikaji wa samaki kwa siku mbili nzima, ukiondoa saa za chai, akarudi na kofia, fulana na msamiati. Tangu arudi hakuna mtu aliyekula samaki mbele yake bila kuelezwa kwanza anakula nini. Ijumaa ile alimpa Nashilu nusu gunia la maranda, kwa ukarimu wa mtu ambaye tayari amejiona mshindi.

"Chukua, dada. Ya paina, makavu, nimepewa bure na seremala. Mimi nimebaki na nusu yangu."

"Paina inafaa kwa samaki?"

"Daftari lako linasemaje? Kubanika ni nini?"

Nashilu alimsomea.

"Mti umetajwa?"

"Haujatajwa."

"Basi. Moshi ni moshi."

Usiku huo alilipekua daftari mara tatu. Mti haukutajwa popote, naye hakuwa mtu wa kubishana na maandishi, hasa yakiwa yake.

Hivyo Jumamosi, saa nne na nusu, alikuwa amekwisha kuyamwaga maranda ndani ya pipa lililowekwa waya juu, pale Yeyo, mama yake, alipokuja kuangalia aibu iliyoingia nyumbani kwake. Yeyo hakuwa amekula samaki maishani mwake. Kwa hesabu yake samaki alikuwa nyoka aliyepungukiwa urefu. Alisimama hatua tatu mbali, shuka puani.

"Hao nyoka wako unawapikia nini?"

"Siwapiki, Yeyo. Nawabanika."

"Kwa haya?" Alisogea, akachota maranda kiganjani, akanusa. "Kibuyu cha maziwa ungekifukizia haya?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Maziwa yangenuka mlango mpya."

"Kwa hiyo maziwa yana haki, nyoka hawana."

"Kufukiza na kubanika ni mambo mawili tofauti, Yeyo. Nimeandika."

"Umeandika vizuri sana. Na huo moshi umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Nashilu alilitazama daftari kama mtu anayemtazama shahidi aliyenyamaza mahakamani. Kisha akalipindua pipa, akayamwaga maranda yote. Yeyo aliingia ndani, akatoka na fungu la oloirien, mzeituni pori mkavu anaoutunza kwa ajili ya vibuyu tu, akaliweka chini bila kuwaangalia samaki. Moto uliwashwa saa tano kasoro dakika tano. Yeyo aliukalia siku nzima, akirudisha kijiti nyuma kila mwali ulipojaribu kuinuka, uso ameugeuzia upande wa ng'ombe. Saa kumi na moja na robo jioni perege walitolewa, wakiwa weusiweusi, wamekunjamana kama wazee waliotoka msibani.

Jumapili sahani mbili zilikaa mezani Kijenge. Perege wa Reginald waling'aa kama fremu za picha, naye aliwaeleza kwa robo saa. Nashilu alisema, "Shikamoo, mama," akakaa.

Mama Hedwiga alianza na waliong'aa. Alitafuna. Alipunguza mwendo. Akaacha.

"Reginald, umewapaka vanishi?"

"Shangazi, hiyo ni ladha ya kitaalamu. Inahitaji kuzoewa."

"Makabati ninayo, baba. Sijawahi kuyala."

Alisukuma maji kooni, akaivuta sahani ya wale weusi. "Hawa nao wamefiwa na nani?" Akamega. Akamega tena, safari hii pande kubwa.

"Umetumia mti gani?"

"Oloirien, mama. Ule wa vibuyu."

"Nani alikufundisha? Chuo?"

Nashilu alifikiri kwa uaminifu wote. "Mama yangu. Hali samaki."

Mama Hedwiga alimaliza mkia, akajifuta vidole, akatoa ufunguo wa uani kwenye mkoba wake wa kanisani. Reginald alifungiwa perege wake tisa waliobaki, akawale nyumbani kwa wataalamu wenzake.

Tarehe 15 Julai 2024 tanuri la Kijenge lilibanika perege mia moja na arobaini kwa kuni za oloirien, zilizochaguliwa moja moja na Yeyo, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa ameonja hata samaki mmoja.