Rekodi za Mama Watoto wa Mwalimu Barasa

Siku ile naikumbuka kwa mvua yake, mwanangu. Ilinyesha Kitale tangu alfajiri, na duka la kompyuta nililofanyia kazi likakaa bila mteja mpaka saa nne. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, natembea kutoka Matisi kila asubuhi nikijiona fundi kamili. Ah, ujana! Hata ile harufu ya vumbi la kompyuta iliyofunguliwa naitamani bado.

Mwenye duka, Mama Njeri, alikuwa ameenda kliniki. Akaingia Mwalimu Barasa, mstaafu wa Myanga aliyekuja kumwona bintiye mjini. Kompyuta yake ya mezani alikuwa ameifunga ndani ya gunia la mahindi.

"Imekuwa nzito sana kufunguka, binti yangu," akasema. "Lakini rekodi kumi na nne za mama watoto ziko humo, kwenye ile sehemu ya diski inayoitwa D. Marehemu akiwasimulia wajukuu hadithi. Hapo usiguse."

"Usijali, Mwalimu. Hii ni kazi ndogo tu."

Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Diski, mwanangu, hugawanywa kama shamba: huku mahindi, huku maharagwe. Ukilima upya upande mmoja, wa pili unabaki salama, mradi unajua mpaka uko wapi. Nilipoanza kuweka Windows upya, kioo cha kompyuta kilinionyesha sehemu tatu zisizo na majina, nambari na ukubwa tu. Hakukuwa na C ya Windows wala D ya Mwalimu. Badala ya kusimama nikafikiri, nilizifuta zote tatu, nikaunda moja kubwa ili kompyuta iwe safi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Kazi ilipokwisha nikaitafuta D. Haikuwepo.

Mama Njeri alinikuta nimeshika kichwa. Nikamweleza, kisha nikaongeza, "Si tumwambie tu ni virusi ilikula?"

Mama Njeri aliizima kompyuta na kuchomoa waya ukutani.

"Usiweke kitu kingine hapo," akasema. "Kilichofutwa bado kiko chini, mpaka uandike kingine juu yake. Na huo uongo, Nafula, usithubutu. Ukimdanganya mzee wa watu, hapa kwangu usirudi."

Siku mbili tulisaka kwa programu ya kurudisha faili. Zilirudi bila majina, nikawa nafungua moja baada ya nyingine. Ghafla nikamsikia yule marehemu akicheka, akisimulia habari za sungura kwa Kibukusu, na watoto wakimwitikia. Nililia palepale. Tulipata rekodi tisa. Zilikuwa kumi na nne.

Mama Njeri alinituma Myanga peke yangu na ile kompyuta. Njia nzima nilitunga maneno, lakini nilipomwona Mwalimu yote yakanitoka.

"Si virusi, Mwalimu. Nilifuta mimi. Tano zimepotea."

Akaomba nimfungulie moja. Akaisikiliza yote, macho yake yakiwa sakafuni.

"Hadithi zenyewe nazijua," akasema mwishowe. "Ninachokosa sasa ni sauti yake. Kwa hizo tano sitaisikia tena." Akajifuta uso. "Lakini umekuja mwenyewe. Kunywa chai kwanza."

Ile chai, mwanangu, ilinishinda kumeza. Afadhali angenigombeza. Baadaye aliniletea hata kompyuta za jamaa zake, na kila mara aliuliza mbele ya watu, "Umenakili?" Nami nikamjibu, "Nimenakili, Mwalimu, na nimefungua nikaona."

Nywele zangu sasa ni nyeupe, na wewe ndiye unayeketi mbele ya kioo. Basi sikia. Kabla hujafuta, uliza. Nakili mahali pengine, kisha ufungue ile nakala uhakikishe inasomeka, maana nakala isiyofunguka si nakala. Soma ukubwa wa kila sehemu mara mbili, na usipoijua, ondoa mkono. Ukikosea, simama hapohapo, usirundike kosa juu ya kosa. Kisha nenda ukaseme kwa mdomo wako, kwa maana mficha uchi hazai.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutengeneza na mzito wa kufuta. Wakuamini watu kwa vitu vyao vya thamani, nawe uvirudishe vyote kumi na nne. Amina.