Bwana Sanduku na Ugali wa Shangazi Malita

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, nilikuwa na sanduku kichwani, nateremka vilima vya Ileje kuelekea Mbebe. Sanduku lile lilikuwa la chakula cha mzungu. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, kabla ya vita vya Hitla, na mimi nilikuwa kijana mwenye shingo ya fahali. Usicheke. Shingo hii unayoiona leo imekunjamana kama ya kobe ndiyo iliyobeba mzigo ambao wenzangu watatu waliukataa.

Lakini kwanza nikuambie mimi ni nani, maana siku hizi mnamsikiliza mwenye cheti tu. Cheti sina. Shule nilikaa miaka miwili, na nusu yake niliisinzia. Kiswahili changu nilikiokota Saza, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa kutukanwa na wanyapara. Ila kahawa yangu hapa Ruanda ya Mbozi unaiona, nyumba ya bati unaiona, na hakuna aliyenipa hata mche mmoja bure. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Kwa hiyo kaa, unisikilize.

Nilipotoka Saza nilipata kazi misheni, huku Mbozi, nikawa mkubwa wa wapagazi wa Mchungaji Filipo. Jina la ukoo wake lilikuwa na kukohoakohoa ndani yake, likatushinda, tukaliacha hukohuko kwao Ulaya. Alikuwa mtu mwema, na ninasema hivyo mimi nisiyesifu watu ovyo. Alfajiri alisali. Kulipopambazuka alikuwa kibarazani anaosha vidonda vya watu, na mwenye jino bovu aling'olewa papo hapo kwa koleo, mimi nimemshika kichwa. Mchana alifundisha kusoma. Jioni alimwagilia miche ya kahawa huku anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ambayo hata ng'ombe waligeuka kumtazama. Soksi zake alizishona mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na mke wa kumshonea.

Mke alikuja naye, jina lake Ana. Alimzika mwaka wao wa kwanza, ugonjwa wa kuhara damu. Kaburi lilikuwa nyuma ya kanisa, nami ndiye niliyelifyekea nyasi. Habari za kaburi lile Mchungaji hakuzizungumza na mtu. Wazungu wale walikuwa hivyo, msiba wanaumeza kama dawa chungu, kisha wanauliza mvua imenyesha kiasi gani.

Basi hapo ndipo lilipotoka sanduku. Lilikuwa la mbao, ndani limepigwa bati: biskuti, samaki wa kopo, jemu, na chupa za maji yaliyochemshwa jikoni misheni. Tukifika kijiji chochote alisalimia watu, aliwashika mikono mpaka watoto, alisali nao vizuri. Lakini ukiletwa ugali alisema, "Asanteni, nimeshiba." Kisha anakwenda kukaa kwenye kiti chake cha kukunja, anafungua sanduku. Watu waliona. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga wamesema, lakini mgeni huyu mwenyeji hakupona, alibaki na sufuria yake mkononi. Kuanzia Mbozi hadi mto Songwe wakampa jina, Bwana Sanduku. Yeye peke yake hakulijua.

Na mimi? Mimi nilikula makombo ya biskuti nikajiona nimefika Ulaya.

Sasa safari ile ya Mbebe haikuwa ya kuhubiri tu. Mchungaji alitaka kujenga kanisa na shule huko, na pazuri palikuwa mahali pamoja tu, kilima kidogo juu ya chemchemi. Kilima kile kilikuwa cha shangazi yangu, Malita, dada wa baba, aliyeolewa na Mndali, mtu wa kabila la huko, akaachiwa shamba mume alipofariki. Shangazi alibatizwa wakati wa Mjerumani, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kule. Jumbe alisema wazi, "Kilima ni cha Malita, mimi sina neno." Mara mbili Mchungaji alikwenda kuomba, na mara mbili Shangazi alijibu, "Nitafikiri." Hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Wakubwa wa misheni walikuwa wamekwisha kusema kwamba pasipopatikana mahali kiangazi kile, mbao na mwalimu vinapelekwa kwingine, na watoto wa Mbebe watabaki kuchunga mbuzi.

Tulifika Jumamosi jua likianza kupungua. Kesho yake ilikuwa meza ya Bwana. Shangazi alikuwa amepika ugali wa ulezi, amechinja kuku, na majani ya maboga yamekaangwa vizuri. Mchungaji akatabasamu, akainama kwa heshima.

"Asante sana, mama. Nimeshiba."

Akaenda kwenye kiti chake. Mimi nikaingia ndani kwa Shangazi. Akanisogezea sahani, nami, mpumbavu mkubwa, nikasema neno lilelile.

"Umeshiba nini?" akauliza.

"Biskuti, Shangazi."

"Biskuti." Alilirudia neno lile kama mtu aliyekuta jiwe kwenye maharage. "Kumbe kaka yangu alizaa panya! Amepita sebule ya watu, anashiba makombo. Nawa mikono, kula, usinitie aibu mbele ya majirani."

Nilinawa. Mwanangu, kwa Shangazi Malita hata jumbe alinawa.

Nikiwa nakula akasema, "Mwambie bwana wako kilima hapati."

Nikarudisha tonge sahanini. "Kwa nini, Shangazi? Watoto wako watasoma wapi?"

"Sikiliza. Mtu akikataa ugali wako mara moja, utasema tumbo limemsumbua. Mara ya pili, utasema ana haraka. Mara ya tatu amekuita mchawi, na majirani wote wamesikia. Asubuhi anasimama kuhubiri, 'Msiogope uchawi, msiogope kulishwa sumu.' Jioni anafungua sanduku. Sasa sisi tushike lipi, mdomo wake au sanduku lake?"

Nilikuwa nimelibeba sanduku lile miaka yote na sijawahi kuliona hivyo.

"Kesho ataniletea mkate wa Bwana," akaendelea. "Sitaupokea. Mkono usiopokea changu, mimi nitapokeaje chake? Na nikimpa kilima atajenga nini? Nyumba ya kugawia. Sisi tupange mstari, yeye agawe. Ya namna hiyo tunayo tayari, ni ofisi ya Bwana Shauri wa serikali. Mimi nataka nyumba ya ndugu."

Hapo nikamweleza habari za Ana. Nilimweleza kaburi, na kuhara damu, na jinsi Mchungaji alivyokaa kando ya kitanda siku zile. Shangazi akaweka kuni mbili jikoni, akatazama moto.

"Ilikuwa chakula?"

"Daktari alisema maji."

"Maji, basi. Ugali hauna kosa." Akanigeukia kwa hasira mpya. "Na kwa nini hamkusema? Mtu anafiwa, ninyi mnambebea sanduku mmenyamaza, sisi huku tunamcheka! Toka. Nenda ukamwambie niliyosema, usipunguze hata neno."

Nikatoka. Nilimwona tu anabandika sufuria nyingine motoni, nikadhani ni maji ya kuoshea vyombo.

Mchungaji alikuwa kwenye kiti chake, kopo la samaki mkononi, bado hajalifungua. Wengine wangezunguka, mara hali ya hewa, mara mazao. Mimi sikuumbwa hivyo.

"Mchungaji, unajua watu wanakuitaje? Bwana Sanduku."

Alicheka. Alidhani ni utani. Alipoona mimi sicheki, akauliza kwa nini, nikamweleza yote, la mchawi, la mkate, la nyumba ya kugawia. Uso wake ukawa mwekundu kama udongo wa Mbozi.

"Mimi? Mimi namwita mama yule mchawi?"

"Kila kijiji, Mchungaji. Kila jioni."

Kuku walipita miguuni mwake, hakuwaona. Kisha akasema polepole, "Siku Ana anakufa alinishika mkono. Nikamwahidi kwamba sitakunywa maji ya nyumba ya mtu, nisije nikafa kama yeye kazi ikabaki. Tangu siku hiyo nimeogopa maji, nikaogopa sufuria, nikaogopa sahani. Unadhani kuvunja ahadi ya marehemu ni dhambi?"

"Mimi nina darasa mbili tu, Mchungaji. Swali hilo si langu. Ninachojua ni kwamba ugali unapoa."

Akanitazama. Akaliweka kopo chini, akasimama.

Mlango wa Shangazi ulikuwa mfupi, aliingia ameinama kama mtu anayeomba msamaha, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Shangazi alimnawisha mikono. Akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi wa kuku, akala yeye kwanza, huku anamtazama machoni. Ndipo akamsogezea sahani.

"Kwa nini amekula kwanza?" Mchungaji akaninong'oneza.

"Anakuonyesha hakuna kitu ndani."

Shangazi alisikia. Alikuwa na Kiswahili chake cha kanisani, cha zamani, alichokihifadhi kama nguo ya Krismasi. "Mchungaji wa wakati wa Mjerumani," akasema, "siku ile nilipokaribia meza ya Bwana mara ya kwanza, alikula yeye kwanza, kisha akatupa sisi. Nikasema moyoni, huyu naye kwao wamemlea vizuri."

Mchungaji Filipo alifumba macho kidogo. Kisha akamega.

Ulezi, kama hujauzoea, unashika meno kama gundi. Akatafuna, akatafuna, Shangazi akashindwa kuvumilia. "Baba, hiyo si nyama! Meza!" Majirani waliokuwa wamejaa mlangoni wakaangua kicheko, naye akacheka mpaka mchuzi ukamdondokea ndevuni. Alikula kuku, alikula majani ya maboga, akaongeza.

Kisha, kama ilivyo, kiu ikaja. Shangazi akainuka, akaleta kikombe cha maji, akakishika kwa mikono miwili mbele yake. Kicheko kikakatika mdomoni mwa Mchungaji. Mikono hakuinyoosha. Nilijua anachokitazama pale si kikombe.

"Nimeyachemsha," Shangazi akasema. "Bado yana moto, na yananuka moshi kidogo, utavumilia. Kunywa, baba. Mkeo hatakuwa na neno."

Alikipokea kikombe. Alikunywa mpaka kikaisha, na machozi yalimtoka bila kificho mbele za watu wote. Shangazi akampigapiga mgongoni. Wanawake mlangoni wakaanza kumlilia Ana, kwa sauti, kama inavyopasa, yule waliyekuwa hawajamwona kamwe. Ndipo msiba wake wa kweli ulipoliliwa, Mbebe, miaka baada ya mazishi.

Jumapili Shangazi alikuwa wa kwanza mezani. Ibada ilipokwisha akampeleka Mchungaji kilimani, watu wote nyuma yao, akamtia jembe mkononi.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Wewe hii ni mara yako ya tatu. Chimba msingi."

Akachimba. Kanisa lile likasimama kiangazi kilekile, na shule pembeni yake, na matofali mengi nimeyafyatua mimi, kamuulize yeyote.

Na sanduku? Aliliacha kwa Shangazi. Alipokwenda vijijini tena alibeba chumvi na majani ya chai, zawadi ya mwenyeji, na alikula alichokuta. Maji alichemshiwa kila nyumba, bila kuomba, maana habari zilimtangulia. Baadaye kina mama wakaona hata watoto wao matumbo yametulia, wakaendelea kuchemsha mgeni akiwapo asiwepo. Mara ya mwisho nilipoliona sanduku lile lilikuwa nyuma ya jiko la Shangazi, kuku mwekundu anaatamia ndani yake, ananitazama kwa jeuri kama mwenye hati.

Sasa mwanangu, leo ninyi ndio mnaotumwa. Mmoja mwalimu, mmoja muuguzi, mwingine mwinjilisti anavuka mpaka pale Tunduma kwenda kwa Wabemba. Mnakwenda mmebeba mema mengi, nami sina ugomvi nayo. Kutoa ni moyo, usambe utajiri. Lakini kupokea nako ni moyo, na ni kugumu zaidi, kwa sababu anayetoa amesimama na anayepokea lazima ainame kidogo. Kama hujala kwa mtu, usiharakishe kumlisha. Na kama una hofu, usiifungie sandukuni. Iseme. Hofu si dhambi, na ukiisema utashangaa ni nani atakayekuchemshia maji. Nanyi mnaobaki nyumbani, kabla hamjampa mgeni jina la kumcheka, muulizeni kwanza ana kaburi la nani nyuma ya nyumba yake.

Nimemaliza. Nenda salama. Mungu akupe cha kuwapa watu, na akupe shingo ya kuinamia milango yao mifupi. Popote utakapofika, mwenyeji wako aonje kwanza, kisha akusogezee sahani. Na wewe, mwanangu, usiseme umeshiba.